Mdomo Mbele ya Kioo

Kiwandani walimwita Redio, na wala hawakumwonea. Mwanamke yule mdomo wake haukuwa na breki. Angeanza na habari ya jirani aliyenunua kochi, akapitia kwa shemeji wa huyo jirani, na kabla hujakaa sawa umeshatumbukia kwenye ugomvi wa watu usiowajua, unatikisa kichwa kwa huruma. Hata mama mkwe wake, ambaye naye kwa kupiga domo si haba, alikuwa akimwachia uwanja.

Mtu wa namna hiyo kumweka kwenye ukumbi wa kufuma nguo ungesema ni kumfunga jela. Mle ndani mashine zinanguruma tangu zamu inaanza mpaka inakwisha. Mtu akikupigia kelele sikioni unachoambulia ni mate tu. Lakini wafumaji wana dawa yake. Wanaongea kwa midomo mitupu, bila sauti, huku mikono ikiendelea kufunga nyuzi zilizokatika. Wenyewe wanaita kuongea kavu. Mgeni anahangaika muda mrefu kuushika mchezo huo, ila akishaushika anaweza kupiga soga na mtu aliye upande wa pili wa ukumbi kana kwamba wamekaa mkeka mmoja. Redio aliushika upesi kuliko wote alioanza nao kazi. Aliyemfundisha ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mfumaji wa siku nyingi ambaye ndiye aliyemtafutia hata hiyo kazi.

Ofisi ya msimamizi ilikuwa juu, mwisho wa ngazi za chuma, na ukuta wake mmoja ulikuwa kioo kitupu kinachotazama ukumbi mzima. Msimamizi mwenyewe alikuwa mgeni, mwanamke wa makamo, viatu vya kisigino, kalamu nyuma ya sikio, na kishada cha funguo kiunoni. Wakampachika jina la Funguo. Na hizo funguo ndizo zilizoleta ugomvi. Milango ya ukumbi ilikuwa inafungwa kwa kufuli zamu nzima, eti vitambaa visiibwe. Mwaka uliopita pamba ilishika moto ghalani, moshi ukaingia ukumbini, na mama wazima na heshima zao wakatoka kwa kuruka dirishani. Mmoja alivunjika nyonga na mpaka leo anatembelea fimbo. Moto ulizimwa, na kesho yake kufuli zilirudi mahali pake.

Chama cha wafanyakazi kiliomba, kikaomba tena, kikapigwa danadana mpaka kikachoka. Mwenyekiti wake alikuwa yule wifi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akisema jambo, watu wanalishika. Jumapili moja aliwakusanya kwenye karakana ya kaka yake, mume wa Redio, fundi seremala, wakakubaliana kugoma. Siku ya siku, katikati ya zamu, wifi atavua kitambaa chake cha kichwani. Hapo kila mtu atazima mashine yake na kukaa sakafuni, na hakuna kunyanyuka mpaka kufuli zitolewe. Sharti lilikuwa moja tu: ndani ya geti la kiwanda jambo hilo lisitajwe, hata kwa kunong'ona. Wote waliapa, na aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote ni Redio.

Na kweli hakunong'ona. Mwacheni apewe haki yake hapo.

Siku moja kabla ya mgomo alikuwa anaunga uzi, hiyo siri inamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Shoga yake wa mashine ya mbele akamtazama, akamuuliza kwa mdomo mkavu mbona leo kanyamaza, anaumwa? Hebu niambie, mtu wa aina ile unamuuliza swali kama hilo kwa nini? Redio akaangalia kushoto, akaangalia kulia, hakuona mlinzi. Kioo cha juu alikiona, na Funguo alikuwepo nyuma yake, amesimama na kikombe cha chai. Lakini kioo ni kioo. Sauti haipiti, na hata ingepita, sauti yenyewe haipo. Wafumaji walikuwa wamezoea kumtukana msimamizi wakimkodolea macho, kisha wakamtabasamia, na bingwa wa utani huo alikuwa Redio mwenyewe. Basi akainua uso na kumjibu shoga yake, polepole, kwa midomo iliyonyooka vizuri: "Siumwi. Nangojea kesho. Wifi akivua kitambaa tu, tunazima."

Asubuhi yake wifi hakuvuka geti. Walinzi walikuwa wanamngoja yeye tu, kwa jina. Walimvua kitambaa kichwani mbele ya watu wote, wakamwambia akavulie nyumbani kwake, kazi hana tena. Wengine walipoingia ukumbini walikuta mlinzi kasimama nyuma ya kila mstari wa mashine. Hakuna aliyezima. Kufuli zikafungwa kama kawaida, na mashine zikanguruma mpaka jioni.

Jioni hiyo nje ya geti walisimama makundi makundi, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Nani katuuza? Nani kataja mpaka kitambaa? Redio alikuwa na hasira za kweli, machozi yanamlengalenga, maana wifi yake amedhalilishwa. Na mdomo ule ule, ambao bado haukujijua, ukafunguka mbele ya wote.

"Kwani nani kati yetu anapanda zile ngazi kila siku? Nani anampelekea Funguo chai?"

Hakuhitaji kusema zaidi. Watu wakageuka kumtafuta mfagiaji.

Mfagiaji alikuwa mwanachama kama wao, na siku ya kiapo alikuwepo, kakaa nyuma. Alikuwa mpole, si mwongeaji, anafagia ofisi za juu na kupika chai ya wakubwa. Hakuwahi kufanya kazi ukumbini, kwa hiyo hata utani wa midomo mikavu ulikuwa unampita tu. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na walipanga chumba cha uani katika nyumba ya wifi, hatua chache kutoka karakana ya seremala. Tangu jioni ile akawa si mtu tena. Akikaa kwenye benchi la chakula, benchi linabaki lake peke yake. Akisalimia, watu wanatazama ukuta. Kuna aliyelitumbukiza fagio lake kwenye oili chafu, na ukumbi mzima ukacheka bila sauti. Siku moja alimfuata Redio bombani, maji yanatiririka, akamwambia, "Mwenzangu, wewe si mtu wa kuficha. Niambie nimekosa nini." Redio alijaza ndoo yake, akampa kisogo, akaondoka. Njiani alijiona shujaa.

Halafu ikaja siku yake.

Ilikuwa zamu ya mchana. Redio alikuwa kwenye utani wake, anamsimulia shoga jinsi Funguo anavyotembea na vile visigino kama kuku aliyekanyaga makaa. Shoga aliinama kuokota uzi. Redio akainua macho kwenye kioo, bado anacheka, na Funguo alikuwa pale anamtazama. Wala hakukasirika. Alisogea mpaka kwenye kioo kabisa, akaiweka midomo yake wazi, na bila haraka, kwa ufundi wa mtu aliyekulia kwenye mashine, akaongea kavu.

"Kuku anashukuru kwa habari ya kitambaa. Mdomo wako unasomeka vizuri."

Kisha akageuka, akarudi mezani kwake.

Redio damu ilimkauka. Uzi ulikatika mbele yake, mwingine ukakatika, kitambaa kikaanza kutoka na mstari wa matundu, na yeye mikono inaning'inia tu. Kumbe. Kumbe mwanamke yule alikuwa mfumaji. Alifumia wapi, miaka gani, nani alimpandisha cheo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Walimwona viatu, wakamwona kalamu, wakasema huyu wa ofisini. Matusi yote yale, kumbe alikuwa anayasoma kama gazeti. Shoga alipoinuka akamuuliza kuna nini. Redio akafunga mdomo na kutikisa kichwa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapomkasirikia. Angeweza kusema siku ile ile. Alikuwa na wifi, alikuwa na mume, alikuwa na geti zima la watu jioni. Badala yake alikwenda nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Alijiambia hakukusudia, na hilo ni kweli. Alijiambia Funguo hawezi kumtangaza, atamtangaza ili apate nini? Na hilo pia ni kweli. Shoga naye hakukumbuka, au alikumbuka akaogopa, maana naye aliuliza swali. Kwa hiyo hakuna atakayejua, akajisemea, litapoa tu. Alipojisikia anasema hivyo, alijionea kinyaa, lakini hakuacha.

Wifi alikuja kwao jioni moja, akiwa na kitambaa kipya kichwani, akakaa jikoni kama anavyokaa siku zote. Tangu afukuzwe alikuwa amekonda, ila maskhara hakuacha. Alimwambia kaka yake kwamba sasa ana likizo ndefu kuliko ya mwenye kiwanda. Seremala akacheka kwa kujilazimisha, akatoka kwenda kufunga karakana. Wifi akamgeukia Redio.

"Jumapili tunakutana. Ya yule mfagiaji lazima iishe. Tunamtoa chamani, na mimi chumba changu nakitaka. Siwezi kulala ukuta mmoja na mtu aliyeniuza."

Redio alikuwa anamenya viazi. Akamuuliza, bila kuinua macho, "Na kama si yeye, wifi?"

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetufungua macho pale getini." Wifi akachukua kisu kingine, akaanza kumsaidia kumenya. "Kwa hiyo nataka wewe ndiye usimame umsomee makosa yake. Mimi nikisema wataona nina kisasi. Wewe una ulimi, na watu wanajua ulivyonililia."

"Mimi siwezi."

"Utaweza. Umebaki macho yangu mle ndani, mke wa kaka yangu. Sina mwingine ninayemwamini."

Hapo ndipo alipotaka kusema. Naapa alitaka. Aliweka kisu chini, akavuta pumzi, na lile neno likafika kwenye meno. Alimwona wifi anavyomenya viazi kwa maganda membamba, kwa uangalifu, asipoteze chakula cha nyumba ya kaka yake, mtu ambaye hana kazi kwa sababu ya mdomo wa huyu aliyekaa naye. Redio akasema, "Haya, wifi." Wifi akamshika bega na kumshukuru. Usiku huo mumewe alimuuliza mbona kimya, akamwambia jino linamuuma.

Jumapili karakana ilijaa. Seremala alikuwa amesogeza mbao ukutani na kufagia vumbi la msumeno, lakini bado lilipanda kwenye pindo za nguo za watu. Wanawake walikaa juu ya marundo ya mbao, wengine sakafuni. Mfagiaji alikuja mwenyewe, hakuletwa na mtu. Alivaa nguo yake nzuri, kama anakwenda kuomba kazi. Hakuna aliyemsogelea, akakaa kwenye kigoda kando ya kopo la gundi, mikono mapajani. Redio alimwona mikono hiyo ilivyokuwa imeshikana, vidole vimekazana mpaka vimepauka.

Wifi alifungua kikao kwa maneno machache. Alisema wenyewe wanajua kilichotokea, milango bado inafungwa, na wakitaka kujaribu tena ni lazima kwanza wajue wako na nani. Akasema atakayezungumza ni mke wa kaka yake. Akamwashiria.

Redio alisimama. Alikuwa amejipanga, msiseme hakujipanga. Njia nzima alikuwa amechagua maneno ya upole, kwamba ushahidi haupo, kwamba labda tusubiri, kwamba tumsamehe tu ili tusonge mbele. Tumsamehe! Alikuwa anakwenda kumsamehe mwenzake kwa kosa lake yeye. Akafungua mdomo, akamtazama yule mwanamke kando ya kopo la gundi, na mfagiaji akamtazama kwa matumaini. Matumaini hasa, kwa sababu bado alimwona kuwa ni mtu asiyeficha.

Sauti ikagoma. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, wapi. Lakini midomo ilikuwa na mazoea yake. Midomo ikaenda yenyewe, mikavu, mbele ya karakana nzima ya wafumaji.

"Ni mimi. Nilimwambia shoga yangu, mbele ya kioo. Funguo alikuwa mfumaji, anatusoma. Huyu mama hakusema kitu."

Hakuna hata mmoja aliyehitaji kurudiwa. Mwanamke mmoja aliweka kiganja mdomoni, na wa kando yake akafanya vilevile, kila mtu anakumbuka aliyoyasema chini ya kile kioo. Shoga aliinamisha uso kwenye magoti. Seremala, mlangoni, alikuwa anaangalia nyuso za watu bila kuelewa kitu, akamtazama mkewe, akamtazama dada yake. Wifi hakusogea. Alikuwa anaitazama midomo ya Redio hata baada ya midomo hiyo kufunga, kama mtu anayetumaini amesoma vibaya. Kisha akakivuta kitambaa chake kichwani, akakikaza, ingawa kilikuwa kimekazwa.

"Amesemaje?" aliuliza mfagiaji.

Watu wakaendelea kumtazama wifi.

"Jamani, amesemaje? Mbona mnaninyamazia? Kama mmeshaamua niambieni, nikatoe vitu vyangu."

Alikuwa ameshainuka nusu, anaangalia uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso uliinama alipoufikia. Ndipo wifi akasema, kwa sauti ambayo Redio hakuwahi kuisikia kwake, tambarare, haina hasira wala udugu.

"Mwambie. Usimwambie kavu. Mwambie asikie."

Redio akamsogelea. Ilibidi avuke miguu ya watu, na watu wakavuta miguu yao kumpisha, upesi kuliko ilivyohitajika. Alisimama mbele ya kigoda. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa sasa alijisikia mwenyewe. Sauti ilitoka ya kukwaruza, nyembamba, ya mtu mwingine kabisa.

"Aliyemwambia Funguo ni mimi. Sikukusudia, lakini ni mimi. Na pale getini ni mimi niliyekutaja. Nimejua siku nyingi kwamba si wewe, nikanyamaza. Nakuomba radhi."

Mfagiaji alikaa tena. Watu walingoja alie, au atukane, na nadhani Redio aliomba atukane. Lakini yule mama alionekana kama mtu anayepiga hesabu iliyomkataa siku nyingi.

"Nilishaanza kuamini ni mimi," alisema. "Nilikuwa nalala najiuliza, nilipokuwa namimina chai nilisema nini? Labda niliropoka. Labda aliniuliza jambo nikajibu bila kujua. Nilisema watu wengi hivyo hawawezi kukosea." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwanangu alirudi kutoka shuleni analia, watoto wenu wanamwita mtoto wa msaliti. Nikamwambia asibishane nao. Nikamwambia huenda ni kweli."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia. Mfagiaji hakugeuka kumtazama.

"Yuko chumbani," alimwambia Redio. "Njoo umwambie wewe. Mimi akinisikia sasa atadhani namdanganya."

Akainuka na kutoka. Redio aligeuka kumtafuta wifi yake, walau jicho tu, lakini wifi alikuwa amekwisha kuwageukia wengine na kuanza kuwaambia kwamba kuanzia kesho mtu akiongea ukumbini aukinge mdomo kwa mkono upande wa kioo. Seremala alimpisha mkewe mlangoni.

Walivuka uani, mfagiaji mbele, Redio nyuma, jua la mchana juu yao. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, ndoo, na masanduku mawili yaliyofungwa tayari kwa kamba. Binti alikuwa amekaa juu ya sanduku, miguu haifiki chini. Alipomwona mtu mzima ameingia, aliteremka haraka, akanyoosha gauni, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha.

"Shikamoo, mama."

Redio alifungua mdomo aitikie. Ni salamu moja tu, salamu ambayo mtu mzima huipokea bila hata kufikiri, na alijua kwamba hana haki ya kuipokea. Mtoto akadhani hajasikika, akamwamkia tena.